AKILI YA FUNDI NAYO INA MALIPO YAKE

Ndugu wanachama wa Kitale na Bungoma,

Mwezi uliopita fundi mmoja, mwanachama wetu, alifika afisini na vitu viwili mkononi: barua ya pongezi kutoka kwa meneja wake, na kipande cha wavu wa kuchekechea. Kazi yake ni katika ghala moja la kusafisha mbegu hapa Kitale. Mkataba wake wasema atatengeneza mashine zikiharibika, basi. Mashine ya pale ilikuwa ikivunja punje nyingi, na punje iliyovunjika si mbegu tena, ni chakula cha kuku. Fundi huyu akageuza mwinamo wa wavu, akafunga vipande vya mpira wa gurudumu kuukuu pale punje zinapoangukia, na hasara ikapungua hata mtu asiyejua mashine aliiona. Tajiri alifurahi. Alimpa ile barua na kreti mbili za soda agawane na wenzake. Halafu wakaja watu na tepu ya kupimia, wakachora kila kitu, na sasa mashine za ghala la pili zimefanywa vivyo hivyo. Fundi anatuuliza: je, hakuna zaidi ya soda?

Twamjibu kwamba huenda lipo, na msingi wake umo katika sheria ya nchi.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, kifungu cha 32, yasema hivi kwa maneno yetu wenyewe. Mtu akiajiriwa ili avumbue, uvumbuzi wake ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Mtu asiyeajiriwa kuvumbua, lakini akavumbua kwa kutumia vifaa au habari alizozipata kazini, haki ya kuomba hataza ni ya mwajiri pia. Ila mfanya kazi huyo anastahili malipo ya haki, yakipimwa kwa mshahara wake, thamani ya uvumbuzi, na faida aliyoipata mwajiri. Hata yule aliyeajiriwa kuvumbua anayo haki hiyo ikiwa jambo alilolitoa ni kubwa kupita kawaida. Na uvumbuzi usiohusiana na kazi, uliofanywa bila kutumia mali ya mwajiri wala vifaa vyake, ni wa mfanya kazi peke yake.

Someni tena hapo penye vifaa. Ukichomelea chombo chako saa ya chakula kwa mashine ya tajiri na vyuma vya tajiri, umekwisha kumpa mlango wa kuingilia. Ukikifanya nyumbani kwa vyuma ulivyonunua sokoni, na hakihusiani na kazi yako, ni chako.

Hatutaki kuwadanganya wanachama. Si kila waya uliopindwa ni uvumbuzi. Hataza, ambayo hudumu miaka 20, hutolewa kwa kitu kipya, chenye hatua ya ubunifu ambayo fundi mwingine asingeifikia kwa urahisi, na kinachoweza kutumika viwandani. Kwa uvumbuzi mdogo kipo cheti kingine cha miaka 10, ambacho hakidai hatua hiyo ya ubunifu, mradi kitu kiwe kipya na kiwe na matumizi. Meneja aweza kusema kwamba wavu wa ndugu yetu haufiki hata hapo, na labda atashinda kwa hoja hiyo. Lakini punje zile zilizopona zinauzwa kwa bei ya mbegu, na fedha hiyo yaingia mfuko mmoja tu. Ndiyo sababu hatupendi kuitegemea sheria peke yake.

Tumesikia pia neno la dharau, ati mtu wa spana hana uvumbuzi, uvumbuzi ni wa wenye digrii. Watu wa Kitale hawafai kulikubali neno hilo. Mwaka 1964 ilitolewa hapa H611, mahindi chotara yaliyotokana na mahindi ya Kitale na mengine yaliyoletwa kutoka Ecuador. Wataalamu walioipanga kazi ile wametajwa vitabuni, na ni haki yao. Lakini chotara haipatikani bila mtu wa kupita mstari kwa mstari akikata mbelewele kabla hazijamwaga chavua. Waliozikata hawakuandikwa popote.

Kuandikwa ndiko kwenye nguvu. Huko Afrika ya Kusini, Nkosana Makate, kijana aliyekuwa akijifunza uhasibu katika kampuni ya simu ya Vodacom, aliandika wazo lake mwezi wa Novemba 2000: mtu asiye na fedha katika simu aweze kumwomba mwenziwe ampigie. Mwaka 2001 huduma ikaanza, ikaitwa Please Call Me, na gazeti la ndani la kampuni likampongeza kwa jina. Malipo hakuona. Hakuwa na hataza. Alikuwa na ahadi ya mdomo ya mkubwa wake, na zile karatasi. Aprili 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba ahadi ile yaifunga kampuni. Hata hivyo walibishania kiasi mpaka Novemba 2025, ndipo wakapatana nje ya mahakama. Miaka 25! Ni nani kati yetu mwenye subira hiyo, au nauli yake?

Wenzetu wa Bungoma wengi hawana tajiri wa kumdai. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, mafundi wengi walishika kazi za jua kali. Kwao hatari ni jirani anayeiga mashine ya kupukuchua mahindi mpaka na jina lililopigwa mhuri ubavuni. Jina hilo laweza kusajiliwa kuwa alama ya biashara kwa miaka 10, na kurudiwa tena na tena. Hati hizi zote huombwa kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, Nairobi. Msikionyeshe chombo kipya katika maonyesho ya Kitale kabla ya kuuliza.

Katika mapatano yajayo na matajiri, kamati itadai kifungu kimoja: kila badiliko la mfanya kazi linalompunguzia tajiri hasara liandikwe kwa jina lake na tarehe, na alipwe sehemu ya kile kilichookolewa, liwe na hataza au lisiwe nayo. Matajiri watasema tayari wanatoa zawadi. Zawadi hutolewa apendavyo mtoaji; sisi twaomba kiasi kinachojulikana.

Basi kila fundi aliyebadili kitu aandike alichofanya, siku aliyofanya, na aliyemwona, kisha amwarifu mwajiri kwa barua na kuweka nakala. Karani wa tawi atawasaidia wasiopenda kuandika. Barua ya ndugu yetu imekwisha kupelekwa kwa meneja Jumatatu, na sahihi ya kupokelewa tunayo. Wavu wake tumeufungia kabatini.