Tutoe Nusu Saa Baada ya Kikoba

Wito huu nauelekeza kwanza kwako wewe uliyewahi kukimbizwa zahanati usiku ukiamini moyo wako unasimama. Ulipimwa presha, sukari na malaria, kisha ukaambiwa, "Huna kitu, nenda kapumzike." Ukarudi nyumbani na karatasi ya majibu mkononi, ukiona aibu kuliko ulivyoumwa, maana waliokuchangia nauli ya bodaboda walikwisha kuanza kutazamana. Siku zikapita, hali ileile ikakurudia ndani ya daladala. Watu wamebanana, vidole vinakufa ganzi, jasho linakutoka, na kila ukivuta pumzi unaona haifiki. Ukashuka kituo kisicho chako. Tangu hapo hupandi gari bila kutafuta kiti cha mlangoni, na hakuna uliyemweleza sababu.

Ombi langu kwako ni dogo: mwambie mtu mmoja aliyewahi kupitia hayo. Na kama wewe ndiye uliyekwisha kuyavuka, ombi langu ni zito zaidi. Jitokeze. Yule aliyeshuka kituo kisicho chake hawezi kukutafuta kama hajui kuwa upo.

Kilichokupata kinaeleweka, na ni haki yako kuelezwa. Ukikutana na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, moyo hupiga haraka ili misuli ipate nguvu ya kukimbia, pumzi huenda mbio na jasho hutoka. Hofu ya ghafla ni maandalizi hayohayo pasipo nyoka. Mlinzi wa usiku amepuliza filimbi kwa kivuli cha paka, na mtaa mzima umeamka. Ile ganzi ya vidole na midomo hutokana na kupumua kwa kasi hadi kaboni dayoksaidi katika damu ikapungua kuliko kawaida. Ndiyo maana unahisi hewa haikutoshi wakati umeshaivuta kupita kiasi, na ndiyo maana kutoa pumzi taratibu husaidia kuliko kuvuta pumzi kubwa kubwa. Mara nyingi hali hiyo hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, halafu huanza kushuka yenyewe. Inatisha kupita maelezo, lakini yenyewe haiui.

Simwambii mtu abaki nyumbani na maumivu ya kifua. Mara ya kwanza ni lazima ukapimwe, kwa sababu ugonjwa wa moyo, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni yanaweza kuja na dalili zinazofanana na hizi. Ninachogombana nacho ni ile sentensi ya "huna kitu". Wahudumu wetu wa zahanati wanafanya kazi kubwa kwa mikono michache, nawaheshimu, lakini sentensi hiyo imekatika katikati. Moyo ni mzima, sawa. Basi mwambieni mgonjwa ni nini kilichomtikisa. Dakika mbili za maelezo zingewaokoa wengi wasizunguke kutoka kipimo hadi kipimo, wakiuza kuku na kukopa ili wapigwe picha ya moyo kwa mara ya tatu.

Na hofu yenyewe ni nusu tu ya taabu. Nusu ya pili ni kuiogopa isirudi. Mama anaacha kwenda sokoni siku ya mnada. Kijana aliyesoma kwa shida anakataa kazi kwa sababu usaili uko ghorofa ya nane na kuna lifti. Mzee anaanza kusali nyumbani kila Ijumaa, akisingizia goti. Kila anachokikwepa mtu humpa nafuu ya siku ile, na kesho yake kinakuwa kigumu zaidi kukikabili, hadi maisha yote yanabaki kati ya kitanda na ua. Hapo ndugu wanasema amekuwa mvivu, au anaringa, au amerogwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na maradhi ya wasiwasi ya aina mbalimbali. Ni kama watu wanne katika kila mia. Kwa uwiano huo, kikoba cha wanachama 30 kina uwezekano mkubwa wa kuwa na mwenzenu mmoja ambaye leo ameweka hisa, amecheka na wenzake, na moyoni anahesabu hatua za kufika mlangoni. Shirika hilohilo linasema wanaopata matibabu ni kama mmoja tu kati ya wanne. Kwetu madaktari wa akili ni wachache na wengi wako mijini. Aliye Newala au Kibondo hawezi kuwategemea kwa kila usiku mbaya.

Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alikabili jambo hilihili. Mgonjwa wake alikuwa amejiua. Familia ilikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitali alikokuwa akitibiwa. Chibanda hakupewa wauguzi, wala chumba. Alipewa mabibi 14, wahudumu wa afya wa jamii, na nafasi ya nje ya kliniki. Wakaweka benchi chini ya mti. Bibi anakaa na mgonjwa, anamsikiliza, anamsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi na kutafuta hatua ya kulianza. Vikao havizidi sita. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki 24 za Harare na watu 573. Baada ya miezi sita, katika waliopata huduma ya kawaida, asilimia 48 bado walikuwa na dalili za wasiwasi. Katika waliokaa na mabibi, asilimia 12. Benchi hilo, liitwalo Benchi la Urafiki, limekwishafika Malawi na Zanzibar pia.

Wengi husimulia habari hii kwa kuwasifu mabibi, na wanastahili. Mimi huvutiwa zaidi na kinachofuata benchi. Aliyemaliza vikao hualikwa kwenye kikundi cha wenzake waliokaa palepale, wanaokutana kila mara kuongea huku wakisuka mikoba ya kuuza kwa plastiki iliyokwisha kutumika. Hapo hakuna mtaalamu wala bibi. Kuna watu wenye shida moja na mikono yenye kazi. Mtu yeyote aliyewaona wanawake wa Makunduchi au Mafia wakisuka ukili barazani anajua kwa nini jambo hili linafaa. Macho yakiwa kwenye mkeka, ulimi hufunguka. Maneno ambayo mtu hawezi kuyasema akitazamwa usoni hutoka yenyewe kati ya shupatu na shupatu, na aliye jirani anaitikia bila kuinua kichwa.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mume anaweza kukupenda, daktari akakueleza vizuri sana, lakini aliyewahi kukaa sakafuni chooni kazini akijishika mshipa wa shingo ndiye anayejua kuuliza, "Na wewe hubeba chupa ya maji hata kwenda dukani?" Ukisikia swali hilo, utacheka, na hakuna dawa ninayoijua inayofanya kazi ya kicheko hicho. Tena mwenzako ana ushahidi ambao daktari hana: yamempata mara nyingi, na yuko hai, amekuja kwa daladala.

Jambo hili si geni hata huko tunakodhani kila kitu hufanywa na wataalamu. Mwaka 1937 jijini Chicago, daktari Abraham Low alianza kuwakutanisha wagonjwa waliotoka hospitali ya akili ili wasaidiane kwa mazoea ya kila siku. Katika mikutano yao mtu alisimulia tukio dogo tu la juzi, foleni dukani au simu iliyomtetemesha, mwili wake ulifanya nini, naye akafanya nini. Wenzake wakatoa maoni kwa utaratibu. Kabla ya kufariki mwaka 1954 aliuacha uongozi mikononi mwa wanachama wenyewe, na vikundi vikaendelea. Nairobi nako wahudumu wa afya wa jamii, ambao hawakuwa wataalamu wa akili, walifundishwa kuwasaidia wanawake kwa vikao vitano vya kupumua taratibu, kukabili matatizo na kuwarudia watu wa karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba wanawake hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Basi tunaomba nini? Tusianzishe chama kipya chenye katiba, muhuri na ugomvi wa mweka hazina. Vikao tunavyo. Kuna vikoba, kuna jumuiya ndogondogo, kuna madarasa ya akina mama baada ya Alasiri, kuna vijiwe vya bodaboda. Tunaomba nusu saa baada ya hesabu za fedha kufungwa, kwa wanaotaka kubaki. Watano au sita wanatosha. Wakiwa kumi, yataanza matamko na hotuba.

Katika nusu saa hiyo yanayosemwa hayatoki nje, hata kwa mume, hata kwa sheikh au mchungaji. Anayetaka kunyamaza anyamaze mwaka mzima; kukaa tu kunamtosha. Hakuna kuuza dawa. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nawajua watu wetu: mtu hajamaliza kusema moyo unamwenda mbio, mwenzake ameshatoa kwenye mkoba unga wa majani ya elfu kumi. Na kila mmoja, kabla ya kuondoka, aseme jambo moja dogo atakalolijaribu kabla ya kikao kijacho: kupanda gari vituo viwili, kuingia benki na kusimama foleni dakika tano, kuacha kujipima mshipa kwa siku moja. Bila hilo kikundi hugeuka ghala la hofu. Kila mmoja huleta yake, huondoka na za wenzake, na usiku hukosa usingizi kwa dalili ambazo jana hakuwa nazo. Hatua zikiwa ndogo na kuna wa kumwambia "nimefika", polepole mtu huirudia mitaa aliyoikimbia.

Wanaume wa vijiweni wana mtihani wao. Wamezoea kumaliza kila jambo kwa utani na kahawa chungu, na kahawa yenyewe, pamoja na mirungi na vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo madereva wa usiku hunywa mfululizo, huusukuma moyo uleule wanaoulalamikia. Siwaombi wakae duara na kulia. Dereva mmoja akimwambia mwenzake, "Mimi nilishawahi kusimamisha gari Chalinze nikidhani nakufa," hiyo inatosha kwa kuanzia.

Viongozi wa dini, ninawaomba jambo moja. Waumini huwafuata ninyi kabla ya daktari, na dua zenu huwatuliza kweli. Endeleeni kuwaombea. Ila msimwambie mtu kwamba hofu yake ni imani haba, kwa sababu atakayelisikia hilo hatarudi kwenu wala hatakwenda kwingine.

Na sisi wengine tuliopo tu pale mtu anapoanza kutweta, tupunguze vurugu. Hana haja ya watu wanane wanaompepea na wa tisa anayepiga kelele "leteni gari". Msimfunike mdomo kwa mfuko. Kaa naye chini, mwambie jina lako kama hamjuani, mwambie "nipo, itapita", kisha pumua naye, mkitoa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko mnavyoivuta. Kama kifua kinauma na hajawahi kupimwa, au hali haishuki, au anazimia, hapo gari liletwe.

Kikundi nacho kijue mpaka wake. Mwenzenu akisema amechoka kuishi, msimbembeleze kwa methali. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, msimwache peke yake, na mmoja wenu aende naye hospitali siku ileile. Wapo pia wanaohitaji dawa za daktari, na hakuna anayeruhusiwa kumtania mwenzake kwa vidonge vyake.

Wewe uliyevuka, utaanza hivi. Jumamosi, kabla kikoba hakijafunguliwa, mwombe mwenyekiti dakika chache za mwisho. Usiseme unataka kufundisha kuhusu afya ya akili. Nusu yao wataondoka na wengine watadhani una mradi wa wafadhili. Sema tu kilichokupata, wapi, na jinsi ulivyoondoka ukidhani unakufa. Sema kwamba Jumamosi ijayo utabaki baada ya hesabu, na chupa ya chai ya tangawizi, kwa yeyote ambaye yamewahi kumpata. Usitegemee mkono unyooshwe hapohapo. Atakayekuhitaji huenda akakupigia usiku, akaanza kwa kuuliza bei ya vitunguu. Mwache amalize vitunguu.