Mzee mpweke anahitaji anayerudi

Kila Kwaresima, sisi waumini wa Mpanda hukusanya sabuni, sukari na vitenge tukawapelekea wazee. Nami huchanga, wala sitaki desturi hiyo ife. Ila nawaambia Wakristo wenzangu: mzee anayeishi peke yake anahitaji zaidi mtu anayerudi.

Tukitaja upweke wa wazee, wengi hufikiria makazi ya serikali kama Ipuli kule Tabora, au Kolandoto, Shinyanga. Wanaokwenda kuwajulia hali wazee wa huko wanatenda jema. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka jukumu la matunzo kwa familia kwanza, makazi yakawa kimbilio la mwisho. Kwa hiyo hapa kwetu Shanwe, Mpanda, mzee mpweke ni jirani yako. Watoto wake wako machimboni au Dar es Salaam, na simu hupigwa pesa zikipatikana.

Mimi na mwanajumuiya mwenzangu humtembelea bibi mmoja kila Alhamisi jioni. Mwanzoni alitukaribisha kigeni: anafuta viti, kila tukimuuliza hali anajibu ni njema. Tulipozoeana ndipo alipotuambia kwamba usiku hapiki, maana kusonga ugali wa mtu mmoja kunamtia majonzi. Baadaye tukajua kuwa dawa zake za presha zilikwisha zamani, naye hakutaka kumsumbua mtu. Mambo kama hayo haambiwi mgeni aliyekuja kupiga picha na kuondoka.

Kuna jingine zito zaidi. Katika mikoa yetu ya magharibi na Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yamefanywa ushahidi, ilhali moshi wa kuni wa miaka mingi unatosha kuyafanya mekundu. Uvumi hustawi penye nyumba isiyoingiwa na mtu. Bibi ambaye majirani husali naye, hula kwake na kujua anaumwa nini, si rahisi kuzushiwa. Na akizushiwa, wapo wa kusimama na kumtetea. Kumtembelea mzee ni kumlinda.

Mkoa wetu unao mfano wa kudumu na watu. Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu. Alibaki huko hadi alipofariki mwaka 1956. Waliozaliwa alipofika walizeeka naye yungali akiwatibu.

Hatuhitaji mradi wala mfadhili. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukutana kila wiki na huzijua nyumba zote za mtaa. Kila jumuiya iandike majina ya wazee wanaoishi peke yao, wakiwamo Waislamu na walioacha kusali. Kila mzee apewe watu wawili, wale wale, siku ile ile. Wasimhubirie asipotaka, wamsikilize, wamchotee maji, wamsindikize kliniki.

Nawaomba maparoko na wachungaji jambo moja. Jumapili, matangazo ya michango yanapomalizika, tuulizwe hadharani: wiki hii ni mzee gani hakufikiwa, na nani atakwenda kwake leo?