Lango la Mtongwe na Vijana wa Milimani

Na Mkaa Mlimani

Dola ikitaka raia wake waijue kwa matendo yake, na si kwa uvumi unaoenezwa juu yake, haina budi kuifungua milango yake mara kwa mara, ili mkulima wa majani chai wa Nyansiongo na mchonga mawe wa Tabaka waingie, watazame na waulize, kisha warudi makwao na maarifa badala ya dhana. Ndiyo maana nazihesabu siku ambazo kambi za mafunzo ya wanamaji hufunguliwa kwa umma kuwa ni katika mambo ya heri. Na lawama yangu juma hili ni moja tu, kwamba heri hiyo aghalabu huwafikia wakaao pwani, ambao mwanamaji ni jirani yao, ikatupita sisi wa Kisii na Nyamira tulio na haja nayo zaidi.

Huko Mtongwe, ng'ambo ya maji ya Kilindini, ndiko makao ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoasisiwa tarehe 15 Desemba 1964, miaka miwili baada ya kuvunjwa kwa jeshi la majini la Afrika Mashariki lililoundwa na Waingereza. Aingiaye katika kambi ya namna hiyo huku akidhani kwamba ubaharia ni magwanda meupe na gwaride, hutoka na fikra nyingine kabisa. Huona jinsi kurutu anavyofundishwa kufunga fundo lisilofunguka kwa mvuto wa wimbi na likafunguka kwa mkono wa aliyelifunga. Jinsi moto unavyozimwa ndani ya chumba chembamba kisicho na pa kukimbilia. Na jinsi manowari moja inavyomhitaji fundi wa mitambo, mpishi, tabibu na msoma dira, kila mmoja na elimu yake, na wote chini ya amri moja.

Sisi wa milimani twalijua jeshi kwa siku moja tu ya mwaka, siku ya kuandikisha makurutu, vijana wetu wanapojipanga uwanjani tangu alfajiri, wakakimbizwa, wakapimwa urefu na kukaguliwa meno, kisha walio wengi wakarudishwa nyumbani pasipo kufahamu wamekosa nini. Na penye kiza cha namna hiyo ndipo laghai anapojenga duka lake. Humwendea mzazi wa Keroka au wa Ogembo, akamnong'oneza kwamba ana jamaa mkubwa jeshini. Mzazi akauza ng'ombe, pengine hata kipande cha shamba la urithi, akapewa barua iliyopigwa muhuri wa uongo. Jeshi lenyewe hutangaza kila mara kwamba nafasi haziuzwi, na waliofika kambini na barua bandia wamekamatwa. Lakini tangazo la gazetini halina nguvu ya kuushinda mnong'ono wa dalali. Mzazi aliyemsikia mkufunzi kwa masikio yake, akamwuliza kuhusu umri, cheti na afya, akajibiwa hadharani, huyo si rahisi kumnyang'anya ng'ombe wake.

Yupo atakayeuliza watu wa migomba na chai wana lipi na bahari. Na aelewe kwamba kurutu wa majini naye huanzia mafunzo yake Eldoret, pamoja na wenziwe wa nchi kavu na wa angani, katika nyanda zilizo mbali na bahari kama zilivyo zetu. Na ajue kwamba mto Gucha, uanzao katika vilima vya Nyamira, huishia katika Ziwa Victoria, ziwa ambalo mtu huliona akisimama juu ya Manga siku ya anga safi. Mnamo Septemba 1914, majeshi ya Wajerumani yalipouvuka mpaka na kuingia mji wa Kisii, merikebu Winifred ya Waingereza na Muansa ya Wajerumani zilikuwa zikipigana Karungu, katika ziwa hilohilo. Amani ya milima hii haijapata kutengana na amani ya maji yaliyo chini yake.

Basi muradi wangu ni huu. Kabla ya kila uandikishaji, wakufunzi wa Mtongwe na waletwe katika uwanja wa Gusii na kule Nyamira, wakae siku nzima na watu, wakiwa na kamba zao, dira zao na majaketi yao ya kuokolea, waeleze kazi na masharti yake kwa lugha iliyo wazi. Na waandamane nao walimu wa Chuo cha Bandari cha Mombasa, ili kijana atakayekosa nafasi jeshini ajue kwamba meli za biashara nazo zinahitaji mabaharia. Gharama yake ni lori moja na mafuta ya safari. Nasi kila mwaka twawalipa madalali zaidi ya hayo.