Ardhi Inayoitwa Tupu

Kuna neno moja ambalo limeenea katika ofisi na katika vikao vya mitaa, nalo ni kusema kwamba eneo fulani "halina kazi". Husemwa juu ya uwanja wa mchanga ulio nyuma ya shule, juu ya ukanda wa pwani usio na hoteli, juu ya bonde ambalo masika hulijaza maji. Anayelisema neno hili aghalabu amekwenda kulitazama eneo lenyewe saa nne asubuhi, siku ya kazi, akaliona limekaa kimya na mbuzi wawili wakila majani, akatosheka na ushahidi huo. Angalikwenda saa kumi na moja jioni asingalipata mahali pa kusimama.

Nakusudia katika makala haya kulipinga neno hilo, pamoja na ndugu yake wa tumbo moja, yaani ile dhana kwamba mtu mzima anayecheza bila ya kulipwa naye pia hana kazi. Mawili haya hayatengani. Ni vigumu kukiuza kiwanja cha mpira mbele ya macho ya wenyewe. Ni rahisi mno kukiuza ukiisha kuwaaminisha wananchi kwamba wanaokitumia ni wazururaji.

Lugha yetu humwita mtu huyo mchezaji wa ridhaa, na sidhani kwamba ilikosea. Ridhaa ni radhi ya moyo. Mchezaji wa ridhaa hakukodiwa wala hakushurutishwa. Ameridhia mwenyewe kuamka alfajiri, kufua jezi yake, na kuchanga fedha za mpira mpya pale wa zamani unapopasuka. Ndiye fundi cherehani ambaye Jumamosi hufunga duka mapema akaondoka na viatu vyake vimening'inia begani. Ndiye muuguzi ambaye hutoka zamu ya usiku, akalala saa tatu tu, akaenda kucheza mpira wa pete. Ndiye kijana wa Morogoro apandaye milima ya Uluguru hadi Morning Side, kwenye lile jumba la zamani la Wajerumani, ili autazame mji wake kutoka juu, kisha akashuka pasipo kumpelekea mtu yeyote hesabu ya faida aliyoipata.

Wazee wetu hawakuona aibu katika mambo haya. Msemo wa kazi na dawa si wa jana. Baraza la nyumba ya Mswahili lilikuwa na ubao wa bao kama lilivyokuwa na mkeka, na mcheza bao hodari aliheshimiwa kwa hesabu zake kuliko baadhi ya wenye vyeo. Unguja watu wameshindana kwa ngalawa, na waliozishangilia walikuwa wavuvi walewale ambao kesho yake wangekwenda nazo kazini. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Tena Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, na sijapata kusikia kwamba aliitwa mzururaji. Dharau kwa mtu mzima anayecheza ni kasumba mpya, na wanaoieneza wenyewe hulipa ada ili wakimbie juu ya mashine ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Labda msomaji atauliza: je, michezo ya taifa si ile ya klabu kubwa, na uwanja wa taifa si ule mkubwa? Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, huchukua watazamaji wapatao 60,000, nami ni mmoja wa wanaoujaza. Sitaki kuusema vibaya. Lakini hebu tuyatazame majina ambayo sisi mashabiki tunayapaza tukiwa humo. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, huitwa wana wa Jangwani. Simba, iliyozaliwa mwaka 1936 na kupewa jina hilo mwaka 1971, huitwa Wekundu wa Msimbazi. Jangwani ni uwanda wa wazi bondeni. Msimbazi ni mto, na ni mtaa wa Kariakoo. Mashabiki wa nchi nzima, hata wale wa Bukoba na Mtwara ambao hawajapata kukanyaga Dar es Salaam, hujitambulisha kwa jina la uwanda na jina la mtaa. Ushabiki wetu ulianzia miguuni ukapanda kichwani. Aliyepiga mpira mchangani, ukamkwepa kwa sababu ya shimo, ndiye anayeweza kukuambia kwa haki kwamba ile pasi ya mita arobaini haikuwa bahati.

Historia ya Mnazi Mmoja ina funzo zaidi. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliuacha uwanja huo wazi, kwa kisingizio cha afya, uwe mpaka baina ya mitaa ya Wazungu na Wahindi upande mmoja, na Kariakoo ya Waafrika upande wa pili. Ulikuwa pengo la ubaguzi. Pengo hilo wananchi walilijaza wenyewe: wakaja kupumzika, wakaja kucheza, wakaja kuwasikiliza viongozi wa TANU. Leo umesimama hapo Mnara wa Mwenge wa Uhuru. Mkoloni alidhani ameacha ardhi tupu ili watu wasikutane, kumbe aliwapa mahali pa kukutania. Ni jambo la kusikitisha kwamba ardhi aliyoiacha wazi mtu asiyetupenda tunaweza kuja kuifunga sisi tunaojipenda.

Najua hoja ya watu wa mipango, nayo si ya kuchezea: watu ni wengi, nyumba hazitoshi. Basi tuhesabu. Kiwanja kamili cha mpira chenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 kina mita za mraba 7,140. Kikatwe viwanja vya nyumba vya mita 20 kwa 30, bila kuacha hata njia ya mkokoteni, hupatikana karibu viwanja kumi na viwili. Familia kumi na mbili zitapata pa kujenga, nami sina ugomvi nazo. Sasa tuhesabu upande wa pili. Mechi mbili Jumamosi, mbili Jumapili, ni wachezaji 88, ukiacha wa akiba, ukiacha watazamaji, ukiacha watoto wanaocheza chandimu kila jioni ya juma na akina mama wanaofanya mazoezi pembeni kabla jua halijachomoza. Nyumba kumi na mbili zinaweza kujengwa kwingine, hata kwa ghorofa. Kiwanja cha mpira hakijengwi kwa ghorofa, na kikiisha kukatwa hakirudi.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Katika mtaa niliokulia kulikuwa na kiwanja ambacho hakuna aliyejua kilianza lini. Mtu mmoja mwenye uwezo, ambaye hapa sina haja ya kumtaja, alipeleka malori mawili ya kokoto yakamwaga katikati ya duara. Juma lile vijana walicheza nusu uwanja, wakiizunguka kokoto kana kwamba ni mchezaji wa ishirini na tatu. Juma lililofuata ukaanza ukuta. Barua ziliandikwa, vikao vikaitishwa, na katika kila kikao lilirudi neno lilelile: eneo lilikuwa halina kazi. Sasa pana ghala la saruji. Timu ilivunjika, nami nikawafuatilia wale vijana walikokwenda, maana watu hawakomi kuupenda mpira kwa sababu wamenyimwa uwanja.

Walikwenda kwenye kibanda umiza. Hapo wamekaa juu ya mabenchi, mgongo kwa goti, wakitazama ligi ya Uingereza, na mfukoni kila mmoja ana mkeka. Simaanishi mkeka wa kukalia. Aliyekuwa beki wa kulia sasa anajua idadi ya kona ambazo timu ya Ulaya hupata ugenini, na anaijua kwa sababu ameiwekea fedha ya mboga. Sina neno na anayetazama mpira wa mbali. Uzuri hauna mipaka. Ila nasema kwamba shabiki aliyenyang'anywa uwanja na kupewa kamari hakuongezewa burudani, bali ameondolewa mguu akapewa deni. Na wanaomlaumu kijana huyo kwa kubeti, wamuulize kwanza mwenye ghala.

Wapo pia wasemao kwamba taifa linahitaji medali, na hao wa kujifurahisha hawaleti medali. Hoja hii ina usahaulifu. John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, alikimbia katika enzi ya ridhaa. Enzi hiyohiyo Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, Februari 1974, kwa dakika 3 sekunde 32.2. Yeye na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na hadi kumalizika kwa michezo ya Paris ya mwaka 2024 hatukuwa na nyingine ya Olimpiki. Sisemi kwamba mwanariadha asilipwe. Alipwe, tena vizuri. Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia huko Tokyo mwaka 2025, akimpita Mjerumani kifuani kwa muda uliosomeka sawa, alistahili kila senti. Lakini hata kama fundi cherehani wangu hataleta medali mpaka afe, uwanja ni haki yake kama maji ya bomba yalivyo haki yake, na hakuna anayedai kwamba tufunge mabomba kwa kuwa wanywaji hawajashinda kitu.

Juu ya bahari nitasema machache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mwenye shaka juu ya utekelezaji wake na ajaribu kutembea kwa miguu kando ya bahari kutoka Msasani kwenda Kunduchi, ahesabu kuta.

Limebaki bonde la Msimbazi, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Bonde lile hufurika. Halijapata kuficha tabia yake. Kituo cha kulaza mabasi yaendayo haraka kiliwekwa hapo Jangwani, na maji yakakivamia zaidi ya mara moja. Uwanja wa mpira ndio matumizi yanayoafikiana na ardhi ya namna hiyo, kwa kuwa mto ukija huupisha na mto ukiondoka watu hurudi. Sasa mradi wa kuliendeleza bonde hilo umeahidi bustani kubwa ya jiji. Ni habari njema. Lakini bustani huweza kuwa na lango, na lango huweza kuwa na mkata tiketi, na mkata tiketi huweza kuwa na kibao kisemacho kwamba mpira hauruhusiwi kwenye majani. Tunataka kuona, katika ramani yenyewe na kabla tingatinga halijafika, viwanja vya mpira vimechorwa kwa vipimo, kiwanja cha pete kando yake, njia ya mbio ya udongo, na mwembe au miwili kwa ajili ya wacheza bao. Na kiandikwe humo kwamba kuingia ni bure. Masika ikija, maji yakapanda hadi karibu na mtambaa wa panya, wachezaji watangoja. Mwezi wa Juni watarudi na reki zao.