Faida Yatoka Wapi?

Wengine husema: «Biashara ni bahati, asiyethubutu hapati kitu.» Nusu ni kweli, na nusu ya kweli hupoteza wengi.

Mchuuzi anunuaye ndagala huko Kalemie ili kuwauza Lubumbashi anathubutu: gari la moshi laweza kukawia, mvua yaweza kuwalowesha. Lakini ajua bei ya kununulia, nauli na bei ya sokoni. Ajua faida yake yatoka wapi.

Mwaka 1991, huko Kinshasa, watu wengi waliweka feza zao katika Bindo Promotion, wakiahidiwa faida kubwa upesi. Wangapi waliuliza yatoka wapi? Ilitoka mifukoni mwa waliofuata. Tuhesabu: kila mtu akilipwa kwa feza za wapya wawili, watu 10 wahitaji 20, hao 20 wahitaji 40, hivyo mara 20, wahitajiwa zaidi ya milioni 10! Mwaka ule ule ikaanguka.

Basi tusiisingizie bahati. Kuuliza si woga, ni wajibu wa kila baba na mama. Asiyeweza kujibu swali letu, asipewe feza za karo ya watoto wetu.