Beni-Butembo: wizi uitwe wizi, usiitwe «bizinesi»

Katika miji ya Beni na Butembo, neno la Kiingereza «bizinesi» limebebeshwa mizigo ambayo si yake.

Kwa Kiingereza lina maana ya kazi, biashara, hata jambo linalomhusu mtu. Butembo lilipokelewa kwa heshima: ni mfanyabiashara anayepitisha mali mpakani Kasindi, anayefuata bidhaa hadi Dubai na China, ni mama anayeuza unga wa muhogo sokoni. Jasho la watu hao limejenga mji.

Kisha tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa. Magari ya kukodi yakajaa barabarani, na malalamiko ya ajira za upendeleo yakasikika. Wakaaji wakasema: «Ebola bizinesi». Walikuwa na haki ya kulalamika. Raia waliokuwa wakizika ndugu zao waliochinjwa eneo la Beni tangu Oktoba 2014 waliuliza kwa nini pesa zimekuja kwa ugonjwa, siyo kwa usalama.

Lakini neno hilo lilichanganya yote. Mla pesa ya riposti, muuguzi anayepokea mshahara halali, hata chanjo yenyewe: vyote «bizinesi». Kuna waliokataa chanjo kwa sababu hiyo. Katika hali hiyo ya kutoaminiana, Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili, daktari Richard Mouzoko wa OMS akauawa Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2 287.

Kilichofika mahakamani ni mashtaka yenye jina la kosa. Machi 2020, waziri wa zamani wa afya Oly Ilunga, ambaye alikana, alihukumiwa miaka 5 ya kazi ya kulazimishwa kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola 400 000 za Ebola. Hakuna sheria inayoadhibu «bizinesi». Ubadhirifu unaadhibiwa.

Leo neno hilo linawafuata wakimbizi wa ndani. Jina la mjane likifutwa kwenye orodha ya msaada na jetoni yake ikiuzwa, majirani hutikisa kichwa: «Ni bizinesi ya watu». Wakisema hivyo, mwizi analala usingizi. Waseme nani amechukua, amechukua nini, siku gani. Mama wa sokoni abaki na bizinesi yake. Anayeuza jetoni ya mjane aitwe mwizi.