Hasira Zetu Wodini Humwangukia Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilimtukana muuguzi. Nalitumia neno hilo kwa makusudi, ingawa usiku ule ningeapa kwamba sikutukana bali nilidai haki. Mama yangu alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya umma, na hadi saa sita usiku tulikuwa bado tunaisubiri dawa ya maumivu iliyoandikwa tangu jioni. Nilimfuata muuguzi mezani kwake, nikamwita "wewe", nikamuuliza kama kazi ile aliisomea au aliiokota njiani. Kisha nikamalizia kwa sentensi ambayo wasomi wa nchi hii tunaipenda kuliko tunavyokiri: "Unajua unazungumza na nani?" Nilijitambulisha kuwa ni Daktari. Sikueleza kwamba udaktari wangu ni wa falsafa na haujapata kumponya mtu hata mafua.

Muuguzi hakunijibu. Alikuja, akakuta kanula ya mama imeziba, ikabidi atafute mshipa mwingine. Alikosa mara mbili, akaupata mara ya tatu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alipoondoka alipita kando ya kitanda cha jirani, ambako chupa ya dripu ilikuwa imekwisha na damu ya mgonjwa imeanza kupanda kwenye mrija. Hakuiona. Mama yangu, ambaye tangu alazwe alikuwa akimwita binti yule "mwanangu", ndiye aliyemwita arudi.

Mgonjwa wa kitanda kile hakuwa amemkosea mtu. Hakuwa na ndugu aliyegombana. Lakini sehemu ya maneno yangu ilimfikia yeye.

Tumezoea kuyajadili matusi ya ndugu wa wagonjwa kama suala la adabu: nani kalelewa vizuri, nani hakulelewa. Hoja yangu ni kwamba hili ni suala la usalama wa mgonjwa. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Israel na Arieh Riskin, Amir Erez na wenzao. Timu 39 za wahudumu wa wodi za uangalizi maalumu wa watoto wachanga zilishiriki katika mazoezi ya kuigiza matibabu ya dharura. Baadhi ya timu zilikutana na "mama wa mtoto" aliyetoa maneno ya dharau yasiyohusiana na kazi waliyoifanya. Timu za kulinganishia zilisikia maneno ya kawaida. Waliodharauliwa walifanya vibaya zaidi katika kutambua tatizo la mtoto na katika kumtibu. Walipungukiwa pia katika kupashana habari, kugawana majukumu na kusaidiana.

Matokeo hayo hayapaswi kumshangaza mtu aliyewahi kufanya mtihani baada ya kufokewa. Akili inayopambana na fedheha haibaki na nafasi ya kutosha ya kukumbuka dozi. Na wodi huendeshwa kwa mazungumzo: muuguzi akimnong'oneza mwenzake "hebu niangalizie hapa", daktari akikubali kuulizwa swali mara ya pili. Aliyetukanwa hujikunja. Huacha kuuliza, huacha kuomba msaada, na hapo ndipo kosa hupata mlango.

Najua pingamizi linalokuja, tena ni la haki. Wapo wauguzi na madaktari wenye lugha chafu. Wapo akina mama waliofokewa wakiwa katika uchungu wa kujifungua, na wazee walioonyeshwa dirisha kwa kidole bila hata salamu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwananchi ana haki ya kuhoji, kulalamika na kumtaka mtumishi awajibike. Sitetei uzembe. Ninachokataa ni kudhani kwamba matusi ni aina ya uwajibishaji. Lalamiko hutaja kosa, saa na mhusika, kisha hudai jibu. Tusi halidai chochote. Hushusha mtu tu. Na aliyeshushwa asubuhi ndiye atakayempokea mgonjwa wa mchana.

Tujiulize basi, hasira hii inatoka wapi? Sehemu kubwa haizaliwi wodini. Tangu mwaka 1993 nchi yetu ilipoanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za umma, ndugu wa mgonjwa amekuwa pia mlipaji na mtafutaji wa vifaa. Hutumwa kununua glovu. Huambiwa dawa hakuna, akajaribu duka la nje. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya; nchi nyingi, yetu ikiwemo, zimekaa chini ya kiwango hicho kwa miaka mingi. Aliyepanga bajeti hayupo wodini saa sita usiku. Aliyepo ni muuguzi, peke yake, na wagonjwa ambao hata akiwakimbilia wote hawamalizi. Tunamtukana yeye kwa sababu ndiye Serikali pekee tunayoweza kuifikia kwa mkono.

Viongozi nao wametufundisha. Mara ngapi tumemwona mwanasiasa akizuru hospitali na kamera nyuma yake, akimfokea mganga mbele ya wagonjwa, nasi tukashangilia kwamba "huyu ni mchapakazi"? Mwananchi aliyeona hayo kwenye taarifa ya habari hujifunza jambo moja: kwamba mtumishi wa afya ni mtu wa kufokewa. Kesho yake hulitekeleza.

Nini kifanyike? Mabango ya "Matusi ni kosa la jinai" hayatoshi. Ndugu aliyekaa saa tano bila kuambiwa lolote hatulizwi na bango. Hospitali ziwe na mtu, usiku na mchana, ambaye kazi yake ni kueleza: kwa nini mgonjwa aliyekuja nyuma ametangulia, dawa itafika lini, lalamiko lipelekwe wapi. Maafisa ustawi wa jamii wapo katika hospitali zetu nyingi. Waongezwe na wapewe nguvu hiyo. Vyuo vya uuguzi navyo viwaandae wanafunzi kabla hawajakutana na dharau. Katika utafiti ule ule, timu zilizopewa zoezi la kuiandaa akili mapema ziliepuka sehemu kubwa ya madhara, ilhali zilizopewa zoezi la kuandika kuhusu tukio baadaye hazikunufaika kwa kiasi cha kutajika. Kumwambia muuguzi "pole" baada ya zamu ni ubinadamu, lakini hakumwokoi mgonjwa wa zamu hiyo.

Kwenu wanaharakati: lipelekeni lalamiko bungeni na kwenye vikao vya bajeti vya halmashauri, kwa nguvu ile ile tunayoitumia kwenye meza ya muuguzi. Kwenu watumishi wa umma: kiongozi akija kumfedhehesha mwenzenu hadharani, msipige makofi.

Asubuhi ya siku ile nilimkuta muuguzi yule akikabidhi zamu. Nilimwomba radhi. Aliniangalia kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni yupi kati ya wengi, akasema: "Usijali, baba. Tumezoea."

Nilitamani angenifokea. Mtu aliyezoea kudharauliwa kila usiku ndiye tuliyemkabidhi wazazi wetu, na bado tunategemea aione chupa iliyokwisha kwenye kitanda cha jirani.